Pingamizi Dhidi ya Ubao wa Orrin Teague

Lemuel Paddock,
Nyumba ya kijani, Mtaa wa Pili,
Pell Landing, Iowa.
Jumatatu, 8 Mei 1961

Kwa Bibi Hedwig Stroud,
Katibu, Kamati ya Uwanja wa Besiboli,
Pell Landing.

Mheshimiwa Bibi Katibu,

YAH: UBAO MNAOTAKA KUMWEKEA BWANA ORRIN TEAGUE

Nimeipokea barua yako ya Ijumaa na nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimesimama. Unaniarifu kwamba Kamati itapiga kura Alhamisi jioni kuamua kama Orrin Teague awekewe ubao wa kumbukumbu kando ya kituo cha kwanza. Unasema umepekua madaftari yote ya zamani ya Ligi ya Bonde na umegundua kwamba kila alipokwenda kusimama na gongo mara mia, alifika kituoni mara arobaini na nane, na kwamba hakuna mtu wa bonde hili aliyemkaribia, si zamani wala sasa. Unasema pia kwamba nusu ya wajumbe hawamtaki kwa sababu ya mpira ule wa mwisho wa mwaka 1938, na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa mwamuzi siku hiyo, neno langu ndilo litakaloamua.

Nashukuru kwa heshima hiyo. Neno langu ni hapana, na sababu ninazo.

Kwanza nijieleze, maana wajumbe vijana wanadhani mchezo huu ulianza siku waliyozaliwa wao. Nimechuchumaa nyuma ya mdakaji kwa miaka kumi na tisa, kila Jumapili ya kiangazi, na magoti yangu ni shahidi. Kazi ya mwamuzi ni moja. Mpira ukipita juu ya ile sahani nyeupe iliyolala ardhini, kati ya magoti na kifua cha mpigaji, ni safi. Ukipita pengine popote, ni mbaya. Safi tatu, mpigaji anakwenda kukaa. Mibaya minne, anapewa kituo cha kwanza bure, anatembea kwa miguu yake kama mtu anayekwenda kununua gazeti. Hapo ndipo matatizo yangu na Bwana Teague yalipoanzia.

Zifuatazo ni hoja zangu. Naomba zisomwe kwa mpangilio na bila kucheka.

1. Hakuwa mpigaji.

Mtu anayepewa gongo anatarajiwa alitumie. Orrin alilibeba begani kama mtu aliyeombwa amshikie jirani yake. Tarehe 16 Agosti 1931, naikumbuka kwa sababu jua lilinibabua shingo, alikwenda kusimama mara tano na akatembea mara tano. Gongo lile lingeweza kurudishwa dukani. Na kwa kuwa kutembea hakuhesabiwi kuwa nafasi ya kupiga, gazeti la kesho yake liliandika kwamba Teague alipata nafasi sifuri na akapiga mara sifuri. Mama mkwe wake alilisoma gazeti lile kuanzia juu hadi chini, akavua miwani na kumuuliza mbele ya watu, "Enhe, mkwe, na jana mchana kutwa ulikuwa wapi?"

Nauliza swali hilo hilo. Kwa mujibu wa kitabu, siku ile Orrin Teague hakuwepo. Kamati itamwekeaje ubao mtu ambaye kisheria hakuwepo?

2. Alituchelewesha kula.

Mtu mvivu angesimama tu. Orrin hakuwa mvivu, na hilo ndilo lililouma. Mpira ukiwa safi lakini hakuupenda, aliugusa kidogo tu kwa ncha ya gongo ukaruka nje ya mstari, na kanuni inataka urushwe tena. Mwezi Julai 1933 alimfanyia hivyo Walt Niemeyer, mrushaji wa Keswick, mji wa ng'ambo ya mto, mtu mkubwa kama ghala la nafaka. Mipira kumi na saba, Bibi Katibu, kwa mtu mmoja. Sita ilitumbukia mtoni, na mchezo ulisimama mpaka mtu akatumwa Keswick kuleta mingine.

Kwenye mpira wa kumi na nne Niemeyer aliacha mahali pake, akamwendea Orrin na kofia mkononi.

"Orrin, piga basi, ndugu yangu. Upige hata uvuke mto uingie Illinois, sitakulaumu."

"Niletee mzuri, Walt."

"Ule si ulikuwa mzuri?"

"Ulikuwa na kasoro."

"Kasoro gani tena, jamani! Nimeurusha kwa moyo wangu wote!"

"Moyo haukuwa na kasoro," Orrin akamwambia. "Mpira ndio uliokuwa nayo."

Wa kumi na saba ulipita mbali, Orrin akaweka gongo chini taratibu na kwenda zake kituoni. Niemeyer alikaa palepale na machozi yakamtoka, mtu mzima mwenye watoto wanne. Akina mama wa kanisani walikuwa wamekaanga kambare kwa ajili yetu saa kumi na moja. Tulipofika kambare walikuwa wamekauka kama soli, na mkate wa mahindi tuliukata kwa msumeno. Mke wangu Ione aliniambia kwamba laiti ningemwitia Orrin safi moja tu ya huruma, sote tungekula. Nilimjibu kwamba mwamuzi haiti safi ya huruma. Nilikuwa mtu wa namna hiyo.

3. Alileta mambo ya kiwandani uwanjani.

Wengi wenu mliotoka mbali hamjui kwamba mji huu ulikuwa ukiivalisha dunia vifungo. Wanaume tulisimama kwenye mashine tukikata vigurudumu kutoka kwenye magamba ya kome wa mtoni, tukitoka na vumbi jeupe mpaka kwenye kope. Ghorofani walikaa wanawake wakivichambua, kizuri huku, kibovu kule. Orrin aliumia mkono akiwa na miaka ishirini, akapelekwa juu kuchambua pamoja nao, na mkono ulipopona akakataa kushuka. Alikaa kule miaka kumi na minane. Alikuwa hatazami kifungo zaidi ya mtu anavyofumba na kufumbua jicho. Tundu likikosea katikati kwa unene wa uzi tu, kifungo kiliruka kwenye ndoo.

Wenzetu walimcheka. Kila Jumatatu getini kulikuwa na mtu wa kumpigia kelele, "Orrin! Leo umevaa sketi gani?"

"Ile yenye vifungo vyote," alikuwa anajibu, "maana niliichambua mwenyewe. Wewe shati lako umelifunga na nini hapo tumboni, kamba?"

Basi mtu yule ndiye aliyekuja kusimama mbele yangu siku za Jumapili, na mpira kwake ulikuwa kifungo kingine tu. Na ubaya huu unaambukiza. Keswick walikuwa na mmoja, Percy Aldous, aliyejikunja mpaka kati ya magoti yake na kifua pakabaki nafasi ya kupitisha barua. Lakini Percy alikuwa mjanja tu. Orrin aliwafundisha watu. Mwaka 1935, mwezi Juni, wachezaji wetu wote walikubaliana wafanye kama yeye, na katika zamu ya pili wakatembea tisa mfululizo bila hata mmoja kupunga gongo. Baba yake Gus kinyozi alisinzia, akaamka, akauliza, "Nani kashinda?" Wakamwambia, "Tulia, mzee, hakuna aliyepiga bado."

Mnaona leo vijana wetu wanavyopunga kila kitu, mpaka vipepeo. Mnasema ni vibaya. Mimi nasema angalau tunarudi nyumbani mapema.

4. Alinifanyisha kazi.

Hii ni hoja nzito na naomba isirukwe. Mpigaji anayepunga gongo anaamua mwenyewe. Akikosa, kakosa, na mwamuzi ni mtazamaji aliyepewa mahali pazuri. Mpigaji asiyepunga anamtupia mwamuzi mzigo wote. Kila mpira ambao Orrin aliuacha, niliamua mimi. Nimepiga hesabu na kupata zaidi ya mipira elfu nne kwa mtu mmoja, na hakuna hata mmoja ambao alinisaidia kwa kuonyesha uso wa shaka.

Na hakuwahi kubishana nami. Wengine walinitukana, na matusi niliyazoea na hata nikayapenda. "Paddock, kipofu wee! Hata mbwa wangu kaliona hilo!" Mtu akikuambia hivyo unajua mlipofikia, unamtoa nje ya uwanja na mnakutana kanisani. Orrin alikuwa na njia yake. Nilipokosea (sisemi kwamba niliwahi kukosea, nasema nilipokosea), aligeuza kichwa kidogo na kunitazama muda ule ule wa kifungo kimoja. Kisha akachora ardhini kwa kiatu, mstari mfupi mmoja, akasimama tena.

Msimu wa 1936 alichora mistari kumi na mmoja. Nilikuwa ninaihesabu. Nilifika mahali ambapo Ione akinikatia keki ya tufaha mezani, ninaiona ile mistari kwenye ganda lake.

Waamuzi wenzangu wananiambia kukosea mara kumi na moja katika msimu mzima ni jambo la kujivunia. Wao hawakuwa na mtu aliyejua kwamba ni kumi na moja.

5. Mpira wa tarehe 4 Septemba 1938.

Nafika sasa kwenye jambo mliloniulizia. Waliozaliwa baada ya siku hiyo wanaijua vizuri kuliko tuliokuwepo, kwa hiyo nitaieleza kwa ufupi.

Fainali dhidi ya Keswick, hapa nyumbani, zamu ya tisa na ya mwisho, mbili kwa mbili. Vituo vyote vitatu vimejaa watu wetu, na wawili wetu wameshatolewa; wa tatu akitoka, zamu imekwisha. Anasimama Orrin, anarusha Walt Niemeyer. Mipira mibaya mitatu, safi miwili. Mmoja mbaya tu, Orrin anatembea, waliopo vituoni wanasogezwa, wa kituo cha tatu anafika sahani ya nyumbani na kutupa pointi, na kombe linabaki Pell Landing. Mji mzima ulikuwa umesimama juu ya viti. Mkuu wa kiwanda alikuwa amesimama juu ya gari lake.

Niemeyer akarusha. Orrin hakupunga. Nikaita safi.

Zamu ya kumi Keswick walipata moja, sisi hatukupata kitu, na kombe likavuka mto. Liko kwao mpaka leo kwenye dirisha la benki, na wameweka ndani yake maua ya plastiki. Mwaka uliofuata kiwanda kilifunga nusu ya mashine, na kuna watu mjini humu wanaoamini kabisa kwamba vifungo vya plastiki ni kosa la Orrin Teague.

Nataka Kamati izingatie jambo moja ambalo halimo kwenye daftari. Kabla sijafungua mdomo, mguu wa Orrin ulikuwa umeshaanza safari. Hatua moja kuelekea kituo cha kwanza! Kila anayejua mchezo huu anajua kwamba mpigaji hasogei mpaka mwamuzi aseme. Ukiondoka kabla, umemwambia mwamuzi mbele ya watu wote kwamba anaweza kwenda zake nyumbani, hahitajiki. Kwa miaka yote Orrin hakuwahi kunifanyia hivyo. Alinifanyia siku ile, mkuu wa kiwanda akiwa juu ya gari, mke wangu mstari wa mbele na kofia mpya. Nikaita safi, kwa sauti ambayo Keswick waliisikia bila kuvuka mto.

Orrin alisimama na hatua yake moja. Hakunitazama. Wala hakuchora mstari. Aliokota gongo, akalipangusa vumbi kwa mkono wa shati, akaondoka.

Mimi niliacha uamuzi mwisho wa msimu huo, kwa sababu ya magoti.

6. Kifungo.

Asubuhi iliyofuata nilikuta kwenye ukingo wa baraza langu kifungo kimoja cha gamba, kimesuguliwa mpaka kinang'aa, na tundu lake liko pembeni. Hapakuwa na barua wala jina. Nalalamika rasmi, kwanza, kwamba ilikuwa mali ya kiwanda. Pili, kwamba kuacha vitu kwenye mabaraza ya watu ni uchafuzi wa mji. Na tatu, kwamba mtu mwenye neno aliseme.

Nilikiweka kwenye kikombe jikoni. Ione akakiona, akasema, "Kifungo kizuri hiki, kwa nini kikae bure?" akakishona kwenye kizibao changu cha kanisani pale palipokuwa pameachia. Ningemwambia nini? Nimekivaa kila Jumapili tangu wakati huo. Kwa kuwa tundu liko pembeni, kizibao hakijawahi kukaa sawa. Ukitazama picha za harusi ya binti yangu, za ubatizo wa wajukuu, za mazishi ya kaka yangu, utaniona nimepinda upande mmoja kama mlango ulioachia bawaba. Watu wanadhani ni uti wa mgongo.

7. Tabia yake tangu wakati huo.

Ni miaka ishirini na miwili na miezi minane sasa, na Orrin amekuwa akinisalimia kila tunapokutana. Hilo nalo ningeweza kulivumilia. Lakini kila majira ya kuchipua, mpira unapoanza, kwa Gus kinyozi hakosekani mtu wa kumwambia, "Lakini Orrin, si ungepunga tu? Upunge tu, bwana! Hata mjomba wangu mwenye mguu wa mti angepunga!" Nami huwa nimekaa hapo hapo, na povu kidevuni.

Na Orrin hujibu kila mwaka maneno yale yale: "Mwamuzi alisema ulikuwa safi."

Hanitazami. Angeweza kusema lolote na nusu ya duka lingemwamini. Watu hucheka, humpiga bega, humwita Orrin Nguzo, naye huchukua gazeti lake. Mtoto wake alipigana shuleni kwa ajili ya jina hilo. Mke wake, Mungu amrehemu, alihamia kanisa la upande wa pili wa mji ili asilisikie ngazini. Mimi nauliza, ni mtu wa namna gani anayefanya hivyo? Mtu mwenye roho nzuri angenitukana mara moja tukamaliza.

Wiki iliyopita amefika mbali zaidi. Aliingia kwa Gus na fimbo, akija moja kwa moja kwenye kiti nilichokalia, na karibu anikalie mapajani.

"Samahani," akasema, "nilidhani kiti kiko wazi."

"Kina mtu," nikamwambia.

Akasimama kidogo akisikiliza sauti. "Aa, ni wewe, Bwana Mwamuzi. Basi kama umesema kina mtu, kina mtu."

Duka zima lilicheka, na Gus alilazimika kuweka wembe chini. Baadaye ndipo Gus akaniambia kwamba Orrin ana mtoto wa jicho, macho yote mawili, na daktari wa Davenport amesema moyo wake hautastahimili upasuaji. Anaona mwanga, na vitu vikubwa vikiwa karibu. Kufikia theluji za mwaka huu huenda asione hata hivyo vitu vikubwa.

Macho yale, Bibi Katibu. Sikumaliza kunyolewa. Nililipa nikatoka na upande mmoja wa ndevu.

Kwa hoja hizo saba, naiomba Kamati ifanye yafuatayo. Ubao usiwekwe. Ikiwa wajumbe watakaidi na kuuweka, basi uwe mdogo, usizidi ukubwa wa bahasha, na upigiliwe juu kabisa nyuma ya ubao wa matokeo ambako ndege pekee wataweza kuusoma. Na suala la mwaka 1938 lifungwe kabisa. Mwamuzi alisema ulikuwa safi, kitabu kinasema ulikuwa safi, na mpigaji mwenyewe amesema mara ishirini na mbili kwa Gus kwamba mwamuzi alisema ulikuwa safi. Sijui mnataka ushahidi gani zaidi.

Nisalimie mume wako na umwambie ile ngazi yake bado iko kwangu. Nisalimie wajumbe wote, hata wale wa upande wa pili, na akina mama wa kanisani, ambao nawaombea wasikaange chochote siku ya kura mpaka mkutano uishe.

Ni mimi mtumishi wako mtiifu, mwenye magoti mabovu na dhamira safi,

Lemuel Paddock
Mwamuzi, Ligi ya Bonde, 1920 hadi 1938

Tanbihi. Barua hii ilikuwa imeshafungwa. Ione ameifungua, kwa sababu kwetu hakuna barua inayotoka nyumbani bila yeye kuisoma, na ameisoma yote mezani akiwa na kalamu ya kusahihishia. Hakusahihisha kitu. Aliniuliza tu, "Lemuel, huyu mtu kakataa vifungo kwa unene wa uzi, na wewe mwenyewe umeandika hapa kwamba aliona makosa yako kumi na moja bila kuzidisha wala kupunguza. Sasa mpira wa mwisho tu ndio hakuuona?"

Nikamwambia arudie swali. Akarudia. Kisha akataka kujua kile kifungo kilitoka wapi hasa.

Mpira ulikuwa nje, Bibi Katibu. Ulikuwa nje kwa upana wa sahani ya kulia chakula. Niemeyer alijua, mdakaji alijua, na nadhani mkuu wa kiwanda juu ya gari lake alijua. Niliuona vizuri kuliko mpira wowote niliowahi kuuona. Lakini niliuona ule mguu pia, na mdomo wangu ukaujibu mguu. Sikuacha kazi kwa sababu ya magoti. Magoti yangu ni mazima, napanda nayo ngazi ya mumeo kila wiki.

Kwa hiyo futa pale mwanzo niliposema neno langu ni hapana, na ufute dhamira safi chini pale. Naomba tanbihi hii isomwe Alhamisi kwa sauti, mbele ya watu wote, na nitakuwepo mwenyewe kusimama inaposomwa. Nitakuwa na kizibao kilichoachia katikati, kwa sababu Ione amekata kile kifungo kwa mkasi na kunipa mkononi, na nakwenda sasa hivi kumrudishia mwenyewe mlangoni kwake. Sijui nitasema nini. Nikishindwa nitachora mstari.

Ubao uwe mkubwa. Herufi ziwe nyeusi juu ya nyeupe, kila moja urefu wa kiganja, na uwe tayari kabla ya majani kupukutika, maana mtu mwenyewe hana muda wa kungoja mafundi wenu. Na mtakapoupigilia, pimeni vizuri. Uwe kati ya magoti yake na kifua. Mkiuweka nje ya hapo, Orrin atauacha upite.